Kisa cha mkono wa Kanazawa: je, kinamhusu mtoto?

Mzazi, Nakuru
Hamjambo ndugu zangu. Binti yangu wa miaka 13 anajifunza karate katika ukumbi mmoja hapa Nakuru, na wiki jana aliteguka kifundo cha mkono. Kwa kuwa mashindano yamekaribia, mwalimu wake alimsimulia jinsi Hirokazu Kanazawa alivyotwaa ubingwa wa Japani mwaka 1957 akiwa amevunjika mkono. Tangu siku hiyo mtoto hataki kusikia habari ya kupumzika. Jana nilimkuta akijifunga bendeji na kuivuta chini mikono ya sweta ili nisiuone uvimbe. Je, kisa hicho ni cha kweli, na mzee huyo aliishije baadaye?

Mwalimu mstaafu, Kisumu
Pole, mzazi mwenzangu. Kisa ni cha kweli. Kanazawa, mzaliwa wa mkoa wa Iwate nchini Japani, alivunjika mkono siku chache kabla ya mashindano na akakusudia kujitoa. Mama yake, aliyekuwa amesafiri kutoka mbali kuja kumtazama, akamuuliza kama hakuwa na mkono mwingine na miguu. Aliingia ulingoni, akashinda.

Lakini alikuwa mtu mzima wa miaka 26 aliyejiamulia mwenyewe, na wanaokisimulia huishia hapo. Mwaka 1961 alitumwa Hawaii kufundisha, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa Wajapani wa kwanza kufundisha mtindo wa Shotokan nchini Uingereza, katika lugha isiyokuwa yake, kiasi kwamba mwili wake ndio uliokuwa kitabu cha wanafunzi. Mwaka 1978 alianzisha shirika lake la kimataifa la karate ya Shotokan, SKIF. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba bingwa huyo alijifunza pia tai chi, mazoezi ya Kichina ya polepole, akatilia mkazo pumzi na ulaini wa mwili, na hata alipopita miaka 70 alikuwa bado akisafiri kufundisha. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 88. Mwili usiotunzwa haufiki huko.

Mkanda mweusi, Kakamega
Naunga mkono. Nilipokuwa na miaka 16 nilipigana nikiwa na kidole kilichovimba, kwa sababu niliambiwa maumivu ni ya waoga. Hadi leo kidole hicho hakikunjiki sawasawa. Nikikunja ngumi, hubaki pengo linalopitisha kalamu. Mwambie binti aende ukumbini kama kawaida, afanye mateke na misimamo ya miguu, na mkono aufunge mkandani usitumike. Hivyo hatapoteza mazoezi, ila kupigana asubiri mpaka daktari aruhusu.

Mzazi, Nakuru
Asanteni sana. Nimemsomea yote, naye amekubali kuanza na miguu. Kesho asubuhi nampeleka apigwe picha ya eksirei, na jioni nitaonana na mwalimu wake ana kwa ana.