Vishikwambi vichache, darasa kubwa: kila mwanafunzi ataendaje kwa kasi yake?

Mwalimu wa Hisabati, Kidato cha Pili
Habari za kazi, walimu wenzangu. Shule yetu ina vishikwambi 12, darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 60, na intaneti si ya uhakika. Nikifundisha milinganyo, wapo wanaomaliza mazoezi mapema na kukaa bure, na wapo ambao bado wanahangaika na namba hasi. Naomba ushauri: nivitumieje vifaa hivi ili kila mmoja ajifunze kwa kasi yake, bila mimi kuachwa nyuma na muhtasari wa somo?

Msimamizi wa maabara ya kompyuta
Mwalimu, intaneti isikukwaze. Programu ya Kolibri, iliyotolewa na shirika la Learning Equality mwaka 2017, huwekwa kwenye kompyuta moja tu, hata ndogo kama Raspberry Pi. Masomo hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao, kisha vishikwambi huunganishwa na kompyuta hiyo kwa Wi-Fi ya darasani pasipo bando. Kila mwanafunzi huingia kwa jina lake, kwa hiyo hata wakipokezana kifaa kimoja kumbukumbu zao hazichanganyiki, nawe unaona nani amekwama katika swali lipi na kulipangia kila kundi somo linalolifaa.

Mdau wa elimu
Mkoani Tanga, katika mashindano ya kubuni programu za kujifunzia, Global Learning XPRIZE, yaliyomalizika mwaka 2019, watoto wa vijijini, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia shule, walijifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili kupitia vishikwambi. Tuwaamini wanafunzi.

Mwalimu wa taaluma
Nakubali, ila wale walikuwa wanaanza kuhesabu. Aljebra inamhitaji mwalimu karibu. Mada ya wiki iwe moja kwa wote ili muhtasari usikuponyoke, na kinachotofautiana kiwe ngazi ya mazoezi: anayetangulia apewe mafumbo magumu zaidi ya mada hiyohiyo, na aliyekwama arudishwe kwenye namba hasi. Kundi moja likiwa kwenye vifaa, mengine yafanye kazi daftarini. Tena, nasisitiza sana, anayetumia kishikwambi naye aandike hatua zake. Akipewa 2x − 6 = 10 akajibu x = 2, kifaa kitamwambia amekosa; daftari ndilo litakalokuonyesha kwamba aliihamisha 6 bila kubadili alama, akapata 2x = 4. Huyo ndiye wa kukaa naye dakika chache wakati wenzake wanaendelea.