Naomba ushauri: vibano vya waya wa breki na bolti ndogo za fremu navipata wapi Dar?

Habari zenu wakuu. Nina baiskeli ya mtumba kutoka Japani, fremu ya chuma, nimeipiga rangi upya mwenyewe na imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Tatizo ni vitu vidogo.

Waya wa breki ya nyuma unapita juu ya bomba la juu, na fremu haina vishikio vilivyochomelewa. Kwa sasa nimeufunga kwa tai za plastiki, zile nyeupe za mafundi umeme. Zinachuna mikono nikiibeba ngazini, na chini yake rangi imeshaanza kulika. Natafuta vile vibano vya chuma cha pua vinavyozunguka bomba na kukazwa kwa skrubu moja, vipande 3. Bomba nimelipima: milimita 25.4; kava la waya milimita 5.

Pia nahitaji bolti 2 za kishikio cha chupa, M5 (unene milimita 5), za chuma cha pua. Fundi wa mtaani aliniwekea za kawaida, masika moja tu zikaota kutu, na moja ameilazimisha hadi uzi wa ndani umelegea. Naweza kupitisha tepu (kile chuma cha kukatia uzi ndani ya tundu) ya M5 x 0.8, au ndiyo basi tena?

Gerezani nimezunguka Jumamosi nzima, kila duka wananitolea klipu za bomba la maji. Aliyewahi kuvipata anielekeze, hata kama ni kung'oa kwenye baiskeli mbovu. Ahsanteni.