Binti wa miaka 12 hapunguzi muda tena: tumwongezee mazoezi?

Mama wa Ntinda
Habari zenu. Binti yangu yuko darasa la saba hapa Kampala na huogelea mita 50 mtindo huru katika mashindano ya klabu. Mwaka jana alipunguza muda karibu kila shindano; mwaka huu amerefuka ghafla, viatu vinambana kila muhula, na muda wake umeganda. Anataka kufika Olimpiki kama mwogeleaji wetu wa Uganda, Kirabo Namutebi. Kocha wake anapendekeza aingie majini kila alfajiri, siku sita kwa wiki, na huku mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, unakaribia. Nikubali?

Kocha mstaafu, Jinja
Mama, saa hiyo isikutie hofu. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi wanapokaribia miaka 12, wavulana kama miaka miwili baadaye, na katika kipindi hicho mikono na miguu huitangulia misuli, hivyo mpigo aliouzoea mtoto huvurugika mpaka mwili uuzoee urefu wake mpya. Ukimwongezea kilomita sasa, bega ndilo litakaloumia. Simama mbele yake, upande wa ukuta anaouelekea, utazame mkono unavyoingia majini: ukivuka mstari wa kichwa na kuangukia upande wa pili, hapo pana kosa la kurekebishwa, nalo hurekebishwa polepole, kwa masafa mafupi. Asiache mitindo mingine ya kuogelea: kipepeo, chali wala chura. Mtoto wa umri huu bado hajajulikana atakuwa mwogeleaji wa mtindo gani.

Uliza pia muda wake ulipimwa katika bwawa gani. Katika bwawa la mita 25, mwogeleaji wa mita 50 hugeuka mara moja na kujisukuma ukutani, jambo linalompunguzia muda. Bwawa la Olimpiki lina urefu wa mita 50, na huko hakuna ukuta wa katikati.

Baba wa waogeleaji wawili, Entebbe
Namuunga mkono mzee kuhusu bega. Hata hivyo ndoto ya binti si ya mbali mno: Namutebi alikuwa na miaka 16 alipoogelea katika Olimpiki ya Tokyo, na alikuwa miongoni mwa walioibeba bendera yetu. Nchi ambayo waogeleaji wake hawakufikia viwango huweza kupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwashinda wenzake wa hapa nyumbani. Mwaka 2024 Mganda mwingine, Gloria Muzito, aliogelea katika Olimpiki ya Paris mita 100, si 50. Umbali huo nao asiupuuze.

Kuhusu alfajiri, wangu walikuwa wakisinzia darasani. Siku nne zinatosha mpaka PLE imalizike Novemba, kisha ile likizo ndefu kabla ya kuanza sekondari ndiyo ya kumwongezea.

Mama wa Ntinda
Asanteni sana, wazee wangu. Jana nilimrekodi kwa simu, na kweli mkono wa kushoto unavuka. Jumamosi nitamwonyesha kocha video hiyo kwanza, ndipo tuzungumzie idadi ya siku.