Lithopsi au Pleiospilos nelii, ipi inaiweza Tabora?

Kanyenye_Kijani: Wakuu habari za humu. Nataka mmea wa dirishani, ile inayofanana na jiwe, nimebaki kati ya lithopsi na nelii. Anayeniagizia anadai ni zilezile tu. Nipo Tabora mjini, dirisha linaangalia magharibi, jua lipo. Wazoefu njooni.

Fundi_Changarawe: Zilezile wapi mkuu! Zote za kusini mwa Afrika sawa ila maji yao tofauti. Lithopsi chukua aina ya lesliei au aucampiae, kwao mvua inanyesha miezi ya joto kama kwetu hapa Novemba mpaka Aprili, halafu kipupwe kikifika jani jipya linaota ndani ya la zamani linanyonya maji yake mpaka lile la zamani linabaki ganda kavu kama karatasi, na muda wote huo usimwagie hata tone, watu wengi wanaiua hapohapo kwa huruma. Nelii yeye anatunza jozi mbili za majani, ukikuta tatu ujue umezidisha maji.

Binti_Ujiji: Mi nipo Kigoma, lithopsi huku kazi bwana, unyevu wa ziwani udongo haukauki upesi. Nelii ndo imenikubali, ua lake la rangi ya chungwa linanukia nazi kabisa. Mchanga natoa Kibirizi.

Fundi_Changarawe: Dada huo mchanga ukiwa laini unagandamana ndo maana haukauki. Chekecha, bakiza chembe kubwa, tia na kokoto ndogondogo, udongo wa shambani usizidi robo. Na chungu kiende chini sentimita 10 hivi maana mzizi wake unashuka.

Mzee_wa_Maembe: Yaani mnalipia jiwe? Huku Ipuli njooni mzoe bure.

Binti_Ujiji: 😂😂 Shikamoo mzee, la kwako linatoa ua?

Kanyenye_Kijani: Hahaha. Sasa Fundi, ikirefuka kwenda juu ni mbolea?

Fundi_Changarawe: Hapana, hapo inatafuta mwanga. Isogeze dirishani kidogokidogo, ukiitoa kivulini ukaibwaga jua kali siku hiyohiyo inaungua. Kwa Tabora mimi nasema lesliei bila kupepesa, na ukitaka mbegu agiza mbili, moja haijichavushi.

Kanyenye_Kijani: Poa, mbili basi. Masika naziweka ndani, kibarazani kwangu manyunyu yanafika.