Tupeane uzoefu: "Malaika" ukiombwa Malindi au Lamu, unapiga wa nani?

Mwenye mada, Malindi
Ndugu zangu mnaopiga hotelini, harusini na ufukweni, karibuni. Mgeni akiomba "Malaika", jueni ana Malaika wake kichwani. Mzee wa Kenya anamsikia Fadhili William na Jambo Boys, ile ya studio ya Equator Sound ya Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mmarekani mwenye umri anawasikia Miriam Makeba na Harry Belafonte, albamu yao ya 1965. Mjerumani ni kundi la Boney M, 1981. Mswidi huenda akaujua kwa Kiswidi, maana bendi ya kwao, Hep Stars, iliurekodi 1967. Aliyezaliwa baadaye anamtaja Angélique Kidjo, albamu ya Logozo, 1991. Kwa hiyo muulize kwanza: wa polepole au wa kucheza? Swali hilo moja linatosha.

Kuhusu mtunzi, tusigombane hapa. Adam Salim, Grant Charo na Lucas Tututu wote wametajwa pamoja na Fadhili. Jukwaani sema "wimbo uliovuma kwa Fadhili William". Hiyo ni kweli, na haimnyimi mtu haki yake.

Mwimbaji, Lamu
Mie nianze na maneno, maana hapo ndipo wimbo unapoharibika. Anayeimba ni mwanamume asiye na mali. Mali hapa ni mahari, si utajiri tu. Ndiyo maana anasema "ningekuoa". Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba aliimba "ningekuoa" vilevile, na duniani kote hakuna aliyeshtuka, lakini mwimbaji wa kike akiimba hivyo hapa mtaani Mkomani, kina mama watatazamana. Dada anayetaka kusema yake aimbe "ningeolewa". Hesabuni silabi: ni-nge-ku-o-a, tano, ni-nge-o-le-wa, tano, na mkazo unaangukia silabi ya nne kote kuwili. Sauti haibadiliki hata kidogo.

Pili, mstari wa kidege. Wengine huimba "hukuwaza kidege", wengine "nakuwaza kidege". Hiyo "hukuwaza" ina njia mbili: hu- ya mazoea, yaani kila mara mimi nakuwaza, au hu- ya kukanusha, yaani wewe hukuwaza. Ya kwanza ni mapenzi, ya pili ni lawama. Kinachofuata ni mapenzi, kwa hiyo mie nashika ya mazoea. Waimbaji wawili wasipokubaliana kabla, mmoja atasema "na" na mwenziwe "hu" kwenye maiki moja, na wanaojua Kiswahili watasikia.

Na harusini, jamani: huu ni wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa. Upigeni wageni wakila, msiupige bwana harusi akiingia.

Mpiga gitaa, Watamu
Mishiko ni mitatu tu: G, C na D7. Mwanamume wa sauti ya kati G inamfaa; mwanamke mara nyingi anataka C, yaani C, F na G7. Pima kwa noti ya juu kabisa ya wimbo, usipime kwa neno la kwanza. Likimtoka vizuri la kwanza halafu akakwama juu, imekwisha.

Mwendo: wa kusikiliza weka metronomu, kile kipima mwendo, kati ya mapigo 80 na 90 kwa dakika. Ukipita 100 umeshakuwa wa kucheza, na hapo mpiga ngoma ashike kazi, gitaa lipunguze madoido. Bendi nyingi huanza 84 na kumaliza 100 bila kujijua, kwa sababu kila mmoja anasukuma kidogo kwenye kiitikio. Mpiga besi ndiye breki. Tena neno "Malaika" lenyewe mwimbaji hulivuta. Kubalianeni atalivuta mapigo mangapi, au wote mtazame mdomo wake. Mpiga gitaa anayehesabu bila kumtazama hubadilisha mshiko mapema, na wimbo mzima unapinda.

Fundi wa sauti, Malindi
Niongeze la chumvi. Upepo wa bahari unakula nyuzi za chuma haraka mno. Kila mkimaliza, futeni kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha gitaa lirudi kwenye mfuko wake, lisiachwe barazani usiku. Uzi wenye kutu hauendi juu wala chini sawasawa: ukiukaza ili uutune, unakatika pale kwenye kipini. Kwa wimbo wa taratibu kama huu nyuzi za nailoni zinatosha na hazipati kutu, ila zikiwa mpya hulegea siku mbili tatu, kwa hiyo msizifunge siku ya shoo.

Maiki ikipiga mluzi, tazameni kwanza spika: ziwe mbele ya mwimbaji, zikitazama watu. Ufukweni wengi huziweka nyuma kwa kuogopa mawimbi.

Mwenye mada
Ahsanteni, hasa hiyo ya "ningeolewa". Na ndugu yake "Malaika" kwenye kila hoteli ni "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Boney M nao wakaja na "Jambo – Hakuna Matata" mwaka 1983. Msiifuatanishe na "Malaika" kwa kasi moja: acheni nafasi ya makofi, mpiga ngoma ahesabu upya, na anayetaka kapo, kile kibanio cha shingoni mwa gitaa cha kupandisha sauti, aifunge wakati huo huo.