Mji Mkongwe polepole: nausomaje mwanga wa vichochoroni?

Mchanga_Mweupe:
Wakuu, nina kamera ya kawaida na lenzi ya 50mm. Nataka niache kufyatua hovyo, nikae mahali pamoja niutazame mwanga kwanza. Ni Mji Mkongwe, Unguja: milango ya kuchonga na wazee barazani. Ukuta wa chokaa ukitoka vizuri, uso unakuwa mweusi tii; nikiuokoa uso, ukuta unaungua, unatoka mweupe mtupu. Nikae saa ngapi, na nipime mwanga vipi?

Kaskazi_na_Kusi:
Anza na jua lenyewe. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapanda na kushuka karibu wima. Mwanga wa dhahabu, ule laini wa jua likiwa chini, ambao Ulaya wakati wa kiangazi unaweza kupita saa nzima, hapa ni kama dakika 25 tu. Februari jua linazama karibu saa 12:45 jioni, mwanzoni mwa Novemba saa 12:15 hivi, na dakika 20 na kitu baadaye giza limeshaingia. Anayengoja jioni ya Forodhani, bustani ya ufukweni, peke yake anakimbizana na saa.

Mwanga wa subira uko vichochoroni. Tafuta mahali ambapo jua linapiga sehemu ya juu ya ukuta mmoja, na mtu wako amekaa kivulini upande wa pili. Chokaa inaurudisha ule mwanga chini, mpana na laini. Saa 3 hadi 5 asubuhi, kisha saa 9 hadi 11, ndizo za kutegemea. Ila mchana wa katikati haupo saa 6 kamili mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba ni saa 6 na dakika 7 hivi, Februari ni saa 6 na dakika 37. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 9 Oktoba jua linapita utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo. Siku hizo mtoe mtu kwenye jua.

Angalia pia rangi ya ukuta unaorudisha mwanga. Ukiwa wa kijani, shavu litakuwa la kijani, na kurekebisha hilo kwenye kompyuta ni kazi kubwa, kwa sababu upande mmoja tu wa uso ndio umechafuka.

Stopu_Moja:
Kuhusu kupima: kamera inadhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Ukuta mweupe ukijaza fremu, inaufanya kijivu na uso unazama. Weka kipimo cha nukta (kamera ipime sehemu ndogo tu ya fremu), kielekeze kwenye shavu lenye mwanga, kisha punguza stopu 1, yaani mwanga nusu, kwa ngozi nyeusi. Usipopunguza, uso utatoka umepauka kama una majivu. Ukipima chokaa ya kivulini badala ya uso, ongeza stopu 1 na nusu.

Ukuta wenye jua kali ni takriban f/8 (tundu la lenzi), sekunde 1/400, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kivuli cha wazi, chini ya anga tupu, kiko stopu 3 chini yake, na uchochoro mwembamba hufika stopu 5. Tofauti hiyo usiibebe katika picha moja: sogea hatua mbili hadi kipande chenye jua kitoke kwenye fremu. Piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), na mizani ya rangi nyeupe iwe ya kudumu, kelvini 5500 (rangi ya mwanga wa mchana), ili uone rangi inavyobadilika kweli badala ya kamera kukufichia.

Baraza_la_Mlangoni:
Mpango wa kukaa: mlango mmoja, saa moja, fremu moja kila dakika 5, kamera haisogei. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, miezi ya Machi na Oktoba, kivuli cha ukuta wa mita 3 kinasogea karibu sentimita 13 kati ya fremu na fremu. Kuna dakika chache ambapo mwanga unaukwaruza mlango kwa ubavu na nakshi zote zinasimama. Kabla na baada ya hapo mbao ni bapa. Ukishaijua dakika hiyo, rudi kesho yake robo saa mapema. Na mwenye mlango aombwe ruhusa kabla kamera haijatolewa.

Stopu_Moja:
Nakubali, ila si kwa stendi ya miguu mitatu. Uchochoroni inazuia baiskeli na mikokoteni. Jaza mchele kilo moja kwenye mfuko wa kitambaa, uweke juu ya baraza, laza kamera. Inatulia hadi sekunde 1/8 bila shida ukitumia kipima muda cha sekunde 2.

Mchanga_Mweupe:
Shukrani sana. Je, ninunue kamera ya filamu ili fremu 36 zinilazimishe kutulia?

Baraza_la_Mlangoni:
Sioni haja. Gharama ya filamu na kuisafisha itakufanya uogope kujaribu. Zima picha inayojitokeza kwenye skrini kila ukibonyeza, jiwekee kikomo cha fremu 12, na andika saa na upande wa jua kwenye daftari. Jambo moja zaidi: ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi itapata ukungu. Iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa, na usiifute kwa fulana, kwani chumvi ya upepo wa bahari inakwaruza kioo.