Waheshimiwa waliozikwa Nairobi: mmoja ana walinzi, mwingine ana magugu. Kaunti mtujibu!

Wadau, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitema. Katika Kaunti ya Nairobi wamezikwa watu walioketi Bungeni, walioshika uwaziri, hata umakamu wa rais. Kuna waliokula risasi kwa ajili ya nchi hii. Lakini mwananchi akitaka kujua kaburi la fulani liko wapi na aingilie mlango gani, hana pa kuanzia. Kaburi likiwa la mkubwa, limefungiwa ndani ya ua. Likiwa la mtu asiye na wa kumtetea, limeachiwa magugu.

Naanza na Pio Gama Pinto, kwa sababu hapo ndipo hasira hunipanda zaidi.

Pinto alizaliwa Nairobi hii hii mwaka 1927, mtoto wa Wagoa, watu wenye asili ya Goa kule India. Wakati wa hali ya hatari alikuwa akiwatafutia wapiganaji wa Mau Mau silaha na fedha, na wakoloni walipomkamata mwaka 1954 walimtupa kisiwani Manda, kule Lamu, akakaa kizuizini miaka. Alipofunguliwa hakukimbilia mali. Alishughulika na magazeti ya harakati, Sauti ya Mwafrika likiwemo, akahangaikia familia za waliokuwa bado kizuizini, na mwaka 1964 akaingia Bungeni. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi Westlands, akiwa ndani ya gari lake kwenye njia ya kutokea nyumbani, binti yake mdogo yuko kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka 37. Ndiye mwanasiasa wa kwanza kuuawa namna hiyo tangu tupate Uhuru. Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji hayo akakaa gerezani mpaka mwaka 2001, na miaka yote hiyo alikana. Waliopanga kifo chenyewe hawajawahi kusimama mbele ya hakimu.

Mtu huyo amelala katika makaburi ya City Park, Parklands. Si mbali, ukishuka Limuru Road karibu na hospitali ya Aga Khan umeshafika. Nenda ukamtafute uone. Mimi nilipokwenda sikukuta kibao hata kimoja cha kunielekeza. Unapita kati ya misalaba iliyoinama, majina ya Kireno yamefutika nusu, nyasi zimefika magotini, na unasoma jiwe baada ya jiwe huku unasukuma miiba kwa fimbo. Mwenzangu aliniita kwa sauti kubwa, nikakimbia nikidhani amempata. Kumbe ni mzee mwingine wa Kigoa mwenye jina linalokaribiana na lake. Tukaanza upya mstari uliofuata. Huyu ni mbunge wa Jamhuri ya Kenya! Mwaka 2008 Serikali iliiweka sura yake kwenye stempu. Sura ikasafirishwa kwenye bahasha dunia nzima, na kaburi likakosa kibarua wa kulifyekea.

Sasa nawauliza, kwa desturi zetu kaburi hutunzwa na nani? Si watu wa nyumbani? Tom Mboya alikuwa mbunge wa hapa hapa Nairobi, na Julai 5, 1969 alipigwa risasi kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Lakini alirudishwa Rusinga akazikwa kwao, na kaburi lake limejengewa, ukifika unapokewa na kuelezwa. Jaramogi Oginga Odinga yuko Bondo, na Oktoba 2025 Raila alilazwa hapo hapo Kang'o ka Jaramogi karibu na baba yake. Moi yuko Kabarak. Kibaki yuko Othaya. Ronald Ngala yuko Kilifi. Kila mmoja ana boma, ana watoto na wajukuu wa kushika panga na kufagia. Pinto kwao ni Nairobi. Hana kijiji kingine cha kurudishwa. Mjane wake Emma alihamia Kanada na watoto miaka michache baada ya mauaji, na nani angemlaumu? Kwa hiyo ukoo wake uliobaki hapa ni sisi wakazi wa jiji hili, na mkono wetu wa kufyeka ni kaunti. Kaunti isipofyeka, nani mwingine atafyeka?

Na msiniambie si kazi yao. Someni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, penye majukumu ya kaunti. Chini ya huduma za afya imeandikwa waziwazi: makaburi, nyumba za kuhifadhia maiti na matanuri ya kuchomea maiti. Hilo si jambo la hisani wala la kusubiri mfadhili. Wanalipwa mshahara kwa ajili yake.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kidato cha tatu tuna mada ya maisha na mchango wa viongozi wa Kenya: Kenyatta, Odinga, Mboya, Ngala, Moi, Wangari Maathai. Pinto hayumo. Nikaona, basi, niwapeleke wanafunzi wa chama cha historia wakaone kwa macho kile ambacho kitabu hakiwaambii. Ili tusiwapeleke watoto vichakani kubahatisha, nikaenda katika ofisi moja ya umma inayohusika na makaburi nikaomba kuonyeshwa rejista: sehemu, mstari, namba ya kaburi. Basi.

Karani akaniuliza, "Mwalimu, wewe ni wa familia?"

Nikasema hapana.

"Basi leta barua ya familia."

Nikamweleza kwamba familia iliondoka nchini zamani, na kwamba marehemu alikuwa mbunge, si mtu binafsi tu. Akanitazama, akasema, "Sasa mwalimu, hata kama alikuwa mbunge, hiyo haitoki hivi hivi." Akanituma mlango mwingine. Huko nikaambiwa rejista za zamani ziko stoo na mwenye funguo ametoka, nirudi Jumatatu. Niliporudi, mwenye funguo alikuwa amehamishwa, na aliyekalia kiti chake hakujua hata kama stoo hiyo ipo.

Hebu fikirieni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kumjibu raia. Haisemi raia awe jamaa wa marehemu. Namba ya kaburi si siri ya usalama wa taifa.

Hatua chache tu kutoka kwa Pinto yuko Joseph Murumbi, na hapa nataka mtazame tofauti. Murumbi alikuwa waziri wa mambo ya nje, kisha mwaka 1966 akawa makamu wa rais wa pili baada ya Jaramogi, akajiuzulu kabla mwaka haujaisha. Kifo cha Pinto kilimvunja moyo, walikuwa marafiki wa kweli. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa City Park kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kulala karibu na rafiki yake. Makamu wa rais wa nchi amechagua kulala jirani na mtu aliyeuawa, na mji mzima haujui! Leo kaburi la Murumbi lina bustani, lina sanamu, na mkewe Sheila amelala kando yake. Lakini sifa hizo si za waliokuwa wakiendesha jiji. Ni marafiki zake, Alan Donovan akiwa mbele, waliosimama na kuhakikisha ukumbusho huo umejengwa, wakati vipande vya bustani ya City Park vilikuwa vikimegwa na wanyakuzi. Nyumba yake ya Muthaiga aliyoiuzia Serikali akitarajia igeuzwe kituo cha utafiti iliachwa ikaharibika, na akaishuhudia ikiharibika angali hai. Kwa hiyo ninachokiona pale ni kwamba mwenye marafiki wenye uwezo anakumbukwa, asiye nao anasahaulika. Je, ndivyo nchi inavyowaheshimu watu wake?

Halafu twende katikati ya jiji. Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 na akazikwa tarehe 31 katika uwanja wa Bunge. Kaburi lake lina jengo, lina bendera, lina askari mchana na usiku. Sina ugomvi na ulinzi huo. Ugomvi wangu ni kwamba rais wa kwanza wa nchi amezikwa mahali ambapo mama mboga wa Gikomba hawezi kuingia akasimama dakika tano bila ruhusa maalumu. Watoto wa shule wanatoka Turkana kwa basi kuja kuona jiji, wanaoneshwa kaburi kwa kidole kupitia vyuma vya ua. Hivi ni vigumu kiasi gani kutenga siku moja kwa mwezi watu wapange foleni, wapekuliwe, waingie, watoke? Bunge lenyewe hupokea wageni na wanafunzi kwenye kumbi zake wakati linajadili bajeti ya mabilioni. Linashindwaje kuwapitisha hatua chache kwenye kaburi?

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, sitamwongelea sana, maana gereza la Kamiti alikonyongwa na kuzikwa liko upande wa Kiambu na uzi huu ni wa Nairobi. Lakini sanamu yake iko kwetu, Kimathi Street, tangu tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Mjane wake Mukami aliomba mifupa ya mumewe hadi akafa Mei 2023 bila kuipata. Jiji likapata sanamu, mjane hakupata kaburi.

Kuna mtu ataandika hapa chini kwamba hakuna pesa, kwamba hospitali hazina dawa na mimi nalilia nyasi. Naomba nimjibu kabla hajaandika. Mwaka 2008 na 2009, enzi za Baraza la Jiji, pesa za makaburi zilikuwepo. Zilitolewa shilingi milioni 283 kununua shamba la maziko kule Mavoko kwa sababu makaburi ya Lang'ata yalikuwa yamejaa. Thamani halisi ya shamba hilo ilikuwa kama milioni 24. Na lenyewe ni mawe matupu, hata kaburi halichimbiki! Kesi zilikwenda mahakamani, watu wakafungwa, na mpaka leo maiti zinaendelea kubanwa Lang'ata ile ile. Tofauti ya hizo hesabu mbili ingefyeka City Park mpaka wajukuu zetu wazeeke. Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya umaskini. Pesa ya wafu ililiwa na walio hai.

Kwamba kazi hii inawezekana, nendeni Ngong Road mkaone makaburi ya askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Nyasi zimekatwa, kila jiwe limesimama wima, kila jina linasomeka, na rejista ipo, unapata mstari na namba hata ukiwa Uingereza. Wanaoyatunza ni tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, na wanaofanya kazi yenyewe ni Wakenya wenzetu wenye mafyekeo ya kawaida. Mvua ni ile ile na udongo ni ule ule. Tofauti ni kwamba pale kuna mtu anayejua ataulizwa.

Ninachodai si mnara wa marumaru. Kaunti itoe orodha ya wabunge, mawaziri na madiwani wa zamani waliozikwa au kuchomwa katika kaunti hii, na iiweke wazi kila mtu aione. Wamo pia waliochomwa, kama Wangari Maathai aliyechomwa Kariokor Oktoba 2011 na Kenneth Matiba aliyechomwa Lang'ata mwaka 2018. Waandike mahali na tarehe. Pale City Park waweke kibao langoni na kijia cha changarawe mpaka kwa Pinto, na wampe mtu mmoja kazi ya kufyeka kila mwezi, jina lake lijulikane. Tunayo Sheria ya Mashujaa tangu 2014 na kila Oktoba 20 tunapigiwa hotuba. Waje watoe hotuba moja wamesimama penye kaburi hilo, nyasi zikiwa zimekatwa.

MCA (mwakilishi kwenye bunge la kaunti) wa wadi inayobeba City Park, kama unasoma hapa, leta hoja kwenye bunge la kaunti. Mimi ombi langu la maandishi chini ya ile sheria ya 2016 nimeshaliandika upya na safari hii nimedai mhuri kwenye nakala yangu. Siku 21 zikiisha bila jibu nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na majibu yote nitayaweka hapa.

Na ninyi wadau, kama kuna anayejua kaburi la mwanasiasa yeyote wa zamani ndani ya Nairobi, iwe Lang'ata, City Park, makaburi ya Waislamu Kariokor au kwenye uwanja wa kanisa, andika jina, mahali lilipo, na hali uliyolikuta. Picha ya jiwe ikisomeka ni bora zaidi. Tuanze orodha wenyewe huku tukiwasubiri.